Kengele ya Bondeni

Basi la Rungwa lilikuwa limeshaingia msituni, na Zabibu, mfanyabiashara wa Utemini, alikuwa anasinzia pale sauti za kiti cha mbele zilipomzindua.

Binti mmoja, Belinda, anayetembeza watalii, alishamwamkia mzee aliyekaa naye, mrina asali aitwaye Ignas, na sasa alikuwa anammwagia ndoto yake. "Ile njia yenu ya kando ya mto, mzee wangu, wageni wataipenda mno. Baiskeli tupu, kivulini, kutwa nzima hawaoni gari."

"Mimi miaka yote naomba gari," mzee akajibu. "Ukibeba ndoo za asali kwenye keria ya baiskeli, mwanangu, hicho kivuli hukioni."

Zabibu akatabasamu. Mmoja anaota kulikimbia gari, mwenzie anaota kulipata.

"Gari likiingia, utulivu kwisha," Belinda akasema. "Mimi hata kengele nitawakataza wasipige."

"Hapo umekosea. Ukipita penye mizinga ya mwenzio lazima upige kengele, ajue hupiti kama mwizi."

"Na kama mwenyewe hayupo?"

"Mizinga ya kwanza ni ya marehemu kaka yangu. Napiga."

Belinda akafungua mdomo, lakini basi likasimama. Utingo akaishusha baiskeli ya mzee kutoka juu. Mzee akaipanda, akateremka bondeni polepole, miti ikamfunika.

Dereva alikuwa amezima injini, wala hakuiwasha. Abiria wote walitega masikio, mpaka kengele ikalia kule chini, mara moja tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.