Bernadina Amsi na Orodha ya Watu wa Mabondeni

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Bernadina Amsi, Afisa Maendeleo ya Jamii ambaye wengi mjini Babati tunamwita Mama Theophil, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki ofisini. Nimekubali, ingawa sehemu ya habari hii si rahisi kwangu kuisimulia.

Mama Theophil alizaliwa Mbulu katika familia ya wakulima, akaajiriwa mwaka 1993. Alianzia Sigino, kisha Maisaka, akifanya kazi na vikundi vya akina mama. Baiskeli ya kazi aliyokabidhiwa alimwazima mkunga ndani ya mwaka wa kwanza, na hatukuwahi kumsikia akiidai. Yeye alikwenda kwa miguu, na kwa miguu alimaliza utumishi wake.

Mwaka 2014 alipangiwa Mtaa wa Mabondeni, upande wa chini wa mji, ambako nyumba zimebanana kandokando ya korongo. Kila masika maji yaliingia ndani, watu wakatoa vyombo, wakaanika magodoro, maisha yakaendelea. Wenyeji walishazoea. Yeye hakuzoea. Alinunua kaunta buku, akapita nyumba hadi nyumba akiuliza swali moja: maji yakija sasa hivi, nani humu ndani hawezi kukimbia? Aliandika wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wenye ulemavu. Mbele ya kila jina aliandika majirani wawili waliokubali kumbeba mtu huyo. Mabalozi wa nyumba kumi aliwapa filimbi, na mchungaji wa Kilutheri akakubali ukumbi wa kanisa, ulio mwinukoni, uwe mahali pa kukimbilia.

Zoezi la kwanza lilikuwa kituko. Filimbi zilipopigwa, wengine walitoka na magodoro, mmoja alitoka na mbuzi wawili, na Bi. Jenifa, muuza mboga, alifika ukumbini na sufuria la makande ambayo hayajaiva, akaomba mafiga amalizie kupika. Mama Theophil hakumcheka. Aliandika kwenye daftari: wafundishwe kuzima moto na kuacha chakula. Zoezi la nne, mtaa mzima ulipanda kwa dakika kumi na nane, bila mbuzi.

Sasa nifike kwenye mwaka 2018.

Februari ya mwaka huo alileta barua ofisini kwangu. Wakati huo nilikuwa nashughulikia mipango ya miundombinu. Aliandika kwamba kalavati la Mabondeni limeziba nusu, na kwamba mvua kubwa ikija maji yatarudi nyuma na kuingia kwenye vyumba vya kupanga vilivyo jirani. Aliomba nitembee naye nikaone kwa macho. Nilimwambia, "Mama Theophil, subiri masika yapite, tutakuja." Barua nikaiweka kwenye jalada.

Alirudi Machi. Alirudi tena Aprili, akakaa kwenye benchi la koridoni kwetu Jumatatu nzima na Jumanne mpaka saa saba mchana, akinisubiri nitoke kwenye vikao. Nilimwona kupitia dirisha. Vikao vingine havikuwa na haraka yoyote.

Jumanne hiyo hiyo, saa tisa alasiri, maji yalishuka. Filimbi zililia, watu wakabebana, na ndani ya nusu saa watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa ukumbini. Mama Theophil alisoma majina, moja baada ya jingine. Jina moja halikuitikiwa: Mzee Melkiori, fundi cherehani aliyekatwa mguu kwa ajali. Majirani zake wawili walikwenda kumbeba wakakuta chumba kitupu, wakadhani ametangulia. Kumbe Jumapili alikuwa amehamia chumba cha bei nafuu, karibu na kalavati. Mama Theophil alikuwa na desturi ya kuhakiki orodha kila Jumatatu. Jumatatu ile alikuwa kwenye benchi letu.

Tulimkuta Mzee Melkiori kesho yake asubuhi.

Baada ya mazishi nilitegemea maneno makali, na niliyastahili. Alikuja ofisini akasimama mlangoni. "Ludovick," akasema, "twende sasa tukaangalie." Tulitembea hadi pale, akanionyesha kila kitu kama alivyokiandika. Mwaka uliofuata kalavati lilijengwa upya na kupanuliwa. Mvua kubwa za 2020 na za mwanzoni mwa 2024 zilifika Mabondeni, maji yakapanda hadi madirishani, na hatukuzika mtu. Mitaa mingine mitatu imeiga mpango wake.

Wikiendi iliyopita nilimpelekea andiko hili alisome kabla halijachapwa, nyumbani kwake Bagara. Alisoma taratibu akiwa amevaa miwani. Kisha akasema, "Ongeza kwamba ningeweza kumtuma mtu mwingine ahakiki orodha. Sikufanya."

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba nimechelewa miaka saba kulisema.

"Umechelewa," akajibu. "Lakini umesema. Sasa Joyness akikuletea barua, uisome siku hiyo hiyo."

Joyness ndiye afisa aliyekabidhiwa Mabondeni. Ni mchapakazi, lakini amepewa pia mitaa mingine miwili, na mafunzo ya kukabidhiana yalichukua siku nne tu. Tulikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kujifunza kwa Mama Theophil, na wengi wetu tumeanza kumuuliza maswali mwezi huu wa mwisho. Hilo nalo tunalijutia.

Mama Theophil anaondoka kwenda kulima mahindi na mbaazi na mume wake, Mzee Egidius. Tunamshukuru kwa kila nyumba aliyobisha hodi, na kwa niaba ya ofisi namwomba radhi kwa kila siku tuliyomweka akisubiri. Mungu akupe afya, mama yetu, na miaka mingi ya kukaa kwako bila haraka. Alhamisi iliyofuata mazungumzo yetu, Joyness aliniletea barua yake ya kwanza. Mchana huo huo tulikuwa Mabondeni, kwa miguu.

Ludovick Qamara
Kwa niaba ya watumishi wenzake