Masikio ya Ng'ombe wa Harusi

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee, na vijana hamjambo. Leo tunamkumbuka Mzee Wendelin Kinunda, aliyezikwa Jumamosi kwao Mbuji. Alikuwa mkaguzi wa nyama hapa Mbinga. Mkaguzi wa nyama, mtu wa muhuri na wino wa zambarau.

Turudi mwaka 1994, enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya dawa za mifugo yalifunguliwa kila kona. Pamoja na dawa halali zikaingia zilizopigwa marufuku: vidonge vya kunenepesha ng'ombe, vidogo kama punje za mchele, vinavyochomekwa chini ya ngozi ya sikio. Ng'ombe ananona upesi. Dawa inabaki kwenye nyama, na mlaji anaila.

Basi Mzee Wendelin alianza na masikio. Alifumba macho, akayapapasa. Kichwa kikija bila masikio, hakuna muhuri. Wachinjaji wakamwita Bwana Masikio, naye akaitika. Akishuku kitu, alikata kipande cha ini, akakitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, akakipakia kwenye basi kipelekwe maabara, Dar es Salaam.

"Chupa yangu ya chai!" mjane wake, Mama Ottilia, aliniambia huku akicheka na kufuta machozi. "Sikuiona tena mezani."

Mwaka ule maabara ilithibitisha dawa mara mbili. Kisha ikafika harusi ya Ottilia, binti yake wa pekee. Ng'ombe alichinjwa asubuhi ya siku yenyewe na Abdulkarimu Masoudi, mwenye bucha, rafiki yake wa miaka mingi. Mzee akapapasa. Sikio la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu. Alikata ini na sikio vya kupeleka maabara, lakini majibu yalichukua wiki saba, na wageni walikuwa njiani.

Akaurudisha muhuri mfukoni.

"Baba, uso wangu nitauficha wapi?" Ottilia alilia.

"Aibu nitaibeba mimi, mwanangu. Nyama hii siwezi kuwalisha watoto wa watu."

Wakwe kutoka Lundo walikuwa wameleta usipa wa zawadi, vile visamaki vikavu vya Ziwa Nyasa. Ndio ulioliwa. Harusi ya mkaguzi wa nyama, wali kwa usipa! Mbinga ilicheka mwezi mzima.

Majibu yakaja. Nyama ilikuwa safi. Narudia, wasikilizaji: ilikuwa safi. Ule uvimbe ulikuwa wa kupe tu.

Mwingine angeichana barua ile. Yeye alisimama machinjioni, akaisoma kwa sauti mbele ya wachinjaji wote.

"Kwa hiyo tulimfukia ng'ombe bure?" Abdulkarimu akamuuliza.

"Bure kabisa, kaka. Nisamehe."

"Na kesho akija mwingine mwenye uvimbe?"

"Nitamkataa."

Hapo ndipo ninapompendea mzee huyu. Mama Ottilia, Ottilia na ukoo mzima wa Kinunda, poleni sana. Nasi tujiulize: kazi zetu tungezifanya hivyo siku ya harusi ya mtoto wetu?

Jumamosi, msibani, alichinjwa ng'ombe. Mkaguzi wa sasa alishagonga muhuri. Hata hivyo Abdulkarimu, mzee wa mkongojo siku hizi, alikizuia chungu kisiinjikwe. Alikileta kichwa kwenye beseni, masikio yote mawili yapo, akasimama mlangoni akisubiri. Ottilia akatoka. Akapiga magoti, akafumba macho, akayapapasa, la kulia, kisha la kushoto.

"Hayana kitu, baba," akasema. "Pikeni."