Chai ya Shukrani na Usingizi wa Mumo

Bwana asifiwe, kanisa! Na nyinyi mnaokaa karibu na mlango, Bwana asifiwe pia, maana huko ndiko mimi hukaa. Naitwa Mbithe, niko kidato cha tatu, nimeokoka na ninampenda Yesu. Wengi mnanijua kama yule msichana wa Mama Mumo asiyeongea. Ni kweli. Ushuhuda huu nimeuandika kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno yanaisha, lakini nikishika kalamu yanakuja. Basi mnivumilie nikisoma bila kuwaangalia.

Nataka kushuhudia juu ya ndugu yangu Mumo, na usingizi wake.

Mumo ana miaka minane. Daktari alisema ana usonji. Haongei, lakini ukimwimbia anapiga makofi, na akifurahi anakimbia akizunguka tangi la maji mpaka kuku wanahama. Chakula ndicho vita yetu. Isyo, ile githeri yetu ya kila siku ya mahindi na maharagwe, hataki hata kuiona. Ugali ukimgusa mdomo anatema. Kitu alichokuwa anakubali bila kelele ni chai ya maziwa, nzito, na mkate uliochovywa ndani. Kwa hivyo jioni, akishakataa kila kitu, Mama alimpa chai ili asilale njaa. Akimaliza kikombe anaongezwa. Nani angemnyima mtoto kitu kimoja anachokipenda?

Na Mumo alikuwa halali. Ndugu zangu, mkizima taa nyinyi mnalala, lakini yeye ndio kwanza alikuwa anaanza siku. Alicheka peke yake, aligonga mlango wa mabati, alinipandia kitandani. Mama aliamka naye, akawasha moto, akampashia chai ili atulie. Kesho yake Mama anasinzia akichambua ndengu. Siku moja alisinzia amesimama kwenye foleni ya maji, akaamshwa na kicheko cha watu. Mimi nilikuwa nalala darasani mpaka walimu wakazoea.

Maneno yakaanza hapa Kathonzweni. Ati kuna kitu kinamtembelea huyo mtoto. Ati upande wa baba kuna jambo halijasemwa. Baba yangu ni fundi wa mawe, hana maneno mengi, lakini hayo yalimwingia.

Ndipo kina mama wa maombi wakaja, Mungu awabariki. Wakatangaza mfungo, na kila nyumba iache kitu inachokipenda. Mama akatoa chai. Na hakutoa kikombe chake tu! Alifunga majani na sukari kwa karatasi, akapeleka kwa Mama Ndunge, kiongozi wao, ili asijaribiwe. Mumo alilia, akarusha kikombe, akanuna. Halafu njaa ikamshinda, akakubali uji wa wimbi. Na kabla mfungo haujaisha, Mumo akalala! Akalala mpaka Mama akaenda kumwekea mkono puani, aone kama anapumua. Haleluya!

Tukafanya nini? Tukafanya kile mtu yeyote wa kwetu hufanya Mungu akijibu. Tukaita watu. Maziwa yakaombwa kwa majirani, sufuria kubwa ya kanisa ikaletwa, Mama Ndunge akarudisha majani yetu na kuongeza yake. Chai ya shukrani! Na mgeni wa heshima ni nani? Ni Mumo. Kila mama alimwonjesha kikombe chake. "Kunywa, baba. Kunywa, Bwana ametenda!" Na Mumo akanywa, akapiga makofi, watu wakalia machozi ya furaha.

Usiku huo hakulala. Na uliofuata vilevile. Chai ilikuwa imerudi nyumbani, lakini hilo hakuna aliyeliona. Tuliona tu kwamba maombi yameshindwa. Wengine wakasema kuna dhambi imefichwa kwetu. Nitasema ukweli, nilimkasirikia Mungu. Nilimwandikia: ulitupa ili utunyang'anye?

Asubuhi moja tukakuta kitanda cha Mumo ni baridi. Alikuwa amefungua komeo mwenyewe. Wanawake waliotangulia mtoni kuteka maji ndio waliomkuta. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima cha mchangani, kimoja cha vile vinavyochimbwa mto ukikauka, miguu inaning'inia ndani, anayachekea maji yaliyo chini. Mnajua jinsi ule mchanga hubomoka. Mama alimbeba mpaka nyumbani.

Baba akasema, "Huyu atatufia. Kuna nyumba ya watoto kama yeye, mbali, ina ukuta na mlinzi. Muhula huu ukiisha, anaenda."

Mama akamuuliza, "Na huko nani atajua kwamba akiziba masikio anataka kukojoa?"

Baba alitoka nje akasimama tu.

Mitihani ya mwisho wa muhula ikafika. Sisi wanafunzi tunajua dawa ya kukesha na vitabu: chai, na majani uongeze mpaka iwe kali kabisa. Nikanywa, nikasoma, nikamaliza, nikajilaza. Macho yakakataa. Moyo ulikuwa unanigonga kifuani. Kando yangu Mumo naye yuko macho, anachezesha vidole. Tulikuwa tumekunywa kutoka sufuria moja, mimi na yeye. Ndugu zangu, nilikaa wima! Kitu ninachokunywa kufukuza usingizi ndicho tunachompa huyu mtoto ili alale. Na wakati wa mfungo hakukuwa na majani ndani ya nyumba!

Sasa kusema. Mimi ambaye nikiulizwa jina najibu nikiangalia viatu. Nilimwomba Mungu amfunulie mtu mwingine, mtu mwenye sauti. Hakumfunulia.

Jumamosi kina mama wakaja kumwombea Mumo safari. Nikapewa kazi ya kumimina chai. Mumo akanyoosha mkono.

"Mbithe, mpe mtoto, inapoa," akasema Mama Ndunge.

"Asinywe."

"Umesema nini?"

"Mumo asinywe chai. Chai ndiyo inamwamsha."

"Haiya! Mbithe ameongea! Anueni nguo, leo mvua inanyesha." Wakacheka. Mama Ndunge akaendelea, "Kwa hivyo huyo shetani tumekuwa tukimchemsha wenyewe, na sukari tunamwongezea?"

Wakacheka zaidi. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Lakini nilifikiria ule ukuta na mlinzi, na Mumo ameziba masikio, na hakuna anayeelewa. Nikaendelea kuongea nikiangalia kikombe. Nikawaambia habari ya mitihani, na habari ya mfungo.

Mama hakucheka. Alisema polepole, "Mama Ndunge, majani nilikuletea wewe. Na uliyarudisha siku ya shukrani."

Mama Ndunge akaangalia kikombe chake. Akakiweka chini. "Ngai, Mungu wetu," akasema, "kwa hivyo ulijibu, na sisi tukapika chai."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Nitawaambia wa ile nyumba wasubiri mpaka likizo iishe," akasema. "Lakini akitoka tena nje, tusibishane."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Mumo alinitupia uji usoni. Nilimpa kwa kijiko, kidogo kidogo, nikiimba. Baadaye akakubali ndengu zilizopondwa laini, halafu papai. Na usingizi ukaja. Kwa kliniki nesi alituambia chai ya jioni na soda humnyima mtoto usingizi, na pia kwamba tumbo lake lilikuwa limefunga kwa sababu ya mkate mtupu, ndiyo maana alihangaika. Akasema pia kila mtoto ana yake, wa jirani anaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hivyo msiache kuuliza hospitali. Mumo bado ana usonji. Bado haongei. Kuna usiku anaamka, anatuchekesha, anarudi kulala. Lakini hajaenda nje tena, na Mama amenenepa!

Likizo ilipokaribia kuisha, Baba alipiga simu mbele yetu sote. Alisema neno moja: "Hatuji." Akakata. Kisha akamwinua Mumo juu ya mabega, mtu wa miaka minane, akazunguka naye tangi la maji.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyetujibu tangu mara ya kwanza, akatungoja tuelewe. Nawashukuru kina mama waliofunga kwa ajili yetu, na walionicheka pia, maana waliacha kucheka wakanisikiliza. Kama una mtoto kama Mumo na umemficha nyumbani, mlete hapa. Atapiga kelele katikati ya maombi, na sisi tutamzoea. Mtumaini Mungu, na uangalie kwa makini kile unachomlisha mtoto jioni. Yote mawili ni imani.

Amani ya Bwana ikalale katika kila nyumba leo. Na nyumba ambayo haitalala, mtuite. Tutakuja kuomba pamoja nanyi. Mtupe maji tu.