Mstari Mwekundu Chini ya Jina la Tupokigwe

Pale Bulyaga, mjini Tukuyu, kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani kwa Prisca, mwenye steshenari. Juu yake kuna bati linalovuja upande mmoja tu, na upande huo ndio wanaopewa wageni. Husseni hukaa mbele yake na birika la kahawa juu ya mkaa, na wenye benchi hukaa wakiwa wamevaa makoti, wakiyaamua mambo ya dunia ambayo dunia yenyewe haijawaomba wayaamue. Wiki hiyo jambo lilikuwa moja: Lusungu, mama wa shamba la ndizi na chai, kila alasiri alivua mabuti yake ya mvua mlangoni kwa Prisca, akaingia ndani kujifunza kuchapa kwa kompyuta. Na mumewe, Erasto, alikuwa palepale benchini. Walimwita Breki, kwa sababu aliendesha malori zamani, na hata leo akishtuka mguu wake wa kulia hukanyaga chini.

Sababu ya Lusungu haikuwa mchezo. Mama yake Erasto, Tupokigwe, alizikwa mwaka jana kwenye manyunyu, na historia yake ikasomwa kaburini kwa haraka: alizaliwa, aliolewa, alizaa, aliugua, akafariki. Ilikwisha kabla watu hawajamaliza kufungua miamvuli. Lusungu alilia kwa hilo kuliko alivyolilia msiba. Sasa Jumapili ukoo ulikuwa unakwenda kuweka msalaba, naye aliapa kwamba mkwewe safari hii atasomewa kurasa. Erasto alimshauri ampe Prisca achape, kazi iishe. Lusungu akamuuliza: "Mama amenilea tangu nimeingia nyumba ile, leo nimtafute mtu wa kunikumbukia?"

Benchini Erasto alijitia hajali. Lakini alichagua kukaa karibu na dirisha, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Anachapa kwa kidole kimoja, akasema Jackson wa bodaboda, ambaye walimwita Setilaiti kwa kuwa hakuna habari iliyompita. Anakinyanyua, anachagua, anadonoa. Utadhani anachuma chai!

— Ndivyo inavyotakiwa, akajibu Mzee Andongwisye, jirani wa marehemu tangu ujana. Wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi. Vidole kumi vyote vya nini?

— Sasa kuna kitu nimekiona nilipoingia kutoa kopi, akasema Jackson. Sijui hata niseme.

— Sema, gwe! Mzee akamhimiza.

— Kila akiandika jina la marehemu, mashine inalichora mstari mwekundu chini. Tupokigwe, mstari. Tupokigwe, mstari. Maneno mengine haiyagusi.

Kikombe cha Erasto kikaishia njiani.

— Hiyo ni adabu tu, akasema Husseni, akipanga kashata zake. Mashine imekutana na mgeni, inasubiri itambulishwe. Hata mimi nilipohamia hapa mlinitazama hivyohivyo.

— Wapi! Jackson akapinga. Mashine hizi zimeungwa na mitandao, mzee baba. Imemtafuta mama wa watu dunia nzima, ikakuta hayupo. Nyekundu maana yake ameshafariki.

— Eee, akaguna Mzee Andongwisye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hapo linaingiaje, Mzee?

— Limeshaingia. Endelea.

— Tatizo, Mzee, na jina lako limo. Pale anaposimulia mlivyosaidiana kujenga baada ya ile mvua ya mawe. Na lenyewe lina mstari.

— Lina nini?

— Mwekundu. Tena mrefu, maana jina lenyewe refu.

Mzee Andongwisye akaweka kikombe chini, akajishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Hakuyapata, akahamia mkono wa pili.

— Gwe Husseni, hebu niangalie. Nimepauka?

— Umepauka tangu nakufahamu, Mzee.

— Labda haiandiki waliokwenda tu, Jackson akanong'ona. Labda inawapanga na wanaofuata.

Hapohapo radi ikapiga upande wa Mlima Rungwe, mvua ikashuka kwa kishindo, na taa ya steshenari ikazimika. Mguu wa kulia wa Erasto ukakanyaga chini. Akainuka, kahawa ikamwagika gotini, wala hakuisikia.

— Mama Hellen! akamwita mkewe. Mama Hellen, yamepotea? Kazi yote ile!

Benchi likamtazama. Kumbe Breki alikuwa anajali kuliko wote.

Lusungu akatokea mlangoni, akivaa mabuti yake bila haraka.

— Hakuna kilichopotea. Nikimaliza aya, nahifadhi. Mtu wa Tukuyu, na mvua hizi, ataanikaje nguo nje halafu aende kutembea mbali Lufingo?

— Binti yangu, akasema Mzee Andongwisye kwa sauti ndogo. Ule mstari mwekundu. Nitafika Jumapili?

Lusungu alicheka mpaka akashika mlango.

— Utafika, taata. Mashine haiyajui majina yetu, ndiyo maana inayachora. Prisca amenionyesha: unalibonyeza jina, unaiambia hili ulikariri. Leo nimeifundisha Tupokigwe. Haichori tena. Kesho naifundisha la kwako.

— Kwa hiyo mle ndani mama anafahamika? Husseni akauliza.

— Anafahamika.

Hakuna aliyecheka. Erasto alimtazama mkewe, mikono yake yenye utomvu wa ndizi usiotoka hata kwa sabuni, akamwonea fahari mpaka macho yakamwasha. Angependa kumwambia, lakini benchi lilikuwa limejaa.

— Ila kuna mahali nimepaacha wazi, Lusungu akaendelea. Nimeandika alivyolima, alivyozaa, alivyoimba kwaya, alivyobeba mikungu kichwani mpaka sokoni. Niambieni ninyi mliomjua kabla yangu. Mama alikuwa anapenda nini?

— Alitupenda sisi, Erasto akajibu upesi.

— Hiyo ipo ukurasa wa kwanza. Nauliza yeye mwenyewe. Kitu cha kumfurahisha yeye, siyo cha kutulisha sisi.

Mzee Andongwisye, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, akayatazama mabati. Setilaiti akatoa simu mfukoni, akairudisha. Husseni akalitikisa birika ingawa alijua limebaki na kiasi gani. Erasto akamtafuta mama yake kichwani, akamwona na jembe, akamwona na mwiko, akamwona na kikapu cha chai mgongoni. Hakumwona hata mara moja amekaa. Akaona aibu.

— Si upaache hivyohivyo? akasema Jackson. Kwanza ni katikati, utapangua kurasa zote.

— Sipangui kitu. Ndiyo uzuri wake. Neno likija hata kesho, naliweka mahali pake, na mengine yanajisogeza yenyewe yanalipisha. Kama ninyi hapa akija mtu.

Wakatazamana, maana Lusungu alikuwa bado amesimama na mvua ilikuwa inamlowesha bega. Wakajisogeza wote, wakamwachia upande usiovuja.

Erasto hakukaa tena. Mdogo wa marehemu mama yake alikuwa bado hai, kule Lupepo, bibi wa kusahau jana na kukumbuka zamani.

— Setilaiti, washa pikipiki. Twende Lupepo kwa mama mdogo.

— Na mvua hii, Breki?

— Washa.

— Na kahawa? Husseni akauliza. Imebaki kikombe kimoja.

— Mpe mama Hellen.

Lusungu akaketi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Pikipiki ilipoanza kuteremka akainua sauti juu ya mvua:

— Baba Hellen! Usimharakishe kukumbuka. Nafasi ipo!