Joram Mbuthia, Fundi wa Mabawa ya Magari ya Mbio, Riruta

Wapendwa, mimi ni Waringa, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenichagua nisome haya kwa sababu ndimi niliyemshikia vyuma alipokuwa akichomelea.

Baba yetu, Joram Mbuthia, alizaliwa Dagoretti tarehe 12 Machi 1951, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1966, akajifunza kunyoosha bodi za magari katika gereji moja ya River Road, na mwaka 1983 akafungua yake hapa Riruta, ambako alitengeneza mabawa ya nyuma ya magari ya mbio, yale ambayo vijana huyaita spoila.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Wangu, wakajaliwa watoto watatu na mabawa kumi na tisa, na ndoa hiyo ilitikisika mara moja tu, mwaka 2003, Baba alipofumua sweta ya Mama ya kanisani, akabandika nyuzi zake juu ya bawa ili aone upepo unavyopita, akaendesha pikapu Naivasha Road huku mimi nimekaa nyuma nikiangalia zipi zinalala na zipi zinarukaruka, naye Mama, akitoka sokoni, akaitambua sweta yake.

Jumapili, tarehe 10 Oktoba 2004, kulikuwa na mbio katika uwanja wa zamani wa ndege, wenye njia mbili ndefu nyoofu na kona mbili tu, na Baba alitaka bawa jembamba lililolala, lakini dereva wake, Bwana Zedekiah, alitaka kubwa lililosimama, akauliza, "Mzee, hii ni spoila ama ni rula?" na Baba akamjibu, "Kwani unaenda mbio ama unaenda harusi?" Zedekiah alishinda ubishi akashindwa mbio, maana bawa kubwa lilikandamiza gari vizuri kwenye kona, lakini kwenye mstari ulionyooka likashika upepo kama mlango wa choo, magari manne yakampita, na watu wakasema fundi wa Riruta hajui kazi, maneno yaliyomuuma Baba kuliko ugonjwa.

Mapafu yalimlemea kuanzia Mei 2006, nikaacha shule kidato cha pili nikawa mikono yake, na kila tukienda hospitali alitoa mkono dirishani akinifundisha kwamba kiganja kikilala upepo unapita, kikisimama unakusukuma nyuma, hadi polisi mmoja wa trafiki akatusimamisha akidhani tunamwita. Bawa la kumi na tisa, jembamba, lililoinuliwa digrii tatu tu, tulilimaliza Julai mwaka huu, na Zedekiah akamwahidi Baba pale kitandani kwamba atalikimbiza katika uwanja ule ule Jumamosi hii, tarehe 25. Baba alifariki Jumanne, tarehe 14 Agosti 2007, saa nne asubuhi.

Leo Bwana Zedekiah amekuja na gari lake la mbio, lile bawa kubwa la mwaka 2004 likiwa limerudishwa na kuzungushiwa maua, akaniambia, "Waringa, mzee anastahili kitu ya kuonekana." Sikubishana naye, kwa kuwa huu ni msiba. Alipoenda kunywa chai nilichukua spana namba kumi na tatu, nikafungua boliti nne, nikafunga bawa la Baba, na maua nikayaweka juu ya jeneza. Lile kubwa ndilo Mama amelikalia hapa mbele. Bwana Zedekiah, ukilihitaji, mwombe yeye asimame.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mabati chini ya kitanda, majirani wa Riruta waliovumilia nyundo, na Bwana Twahir wa River Road, aliyemkatia Baba alumini kwa vipimo vya kwenye simu bila kuuliza ni ya nini.

Pumzika kwa amani, Baba, Jumamosi nitasimama mwisho wa ule mstari mrefu nikihesabu atakaowapita Bwana Zedekiah.