Kiti cha Nyuma Darasani

Nisogezeeni mto, wanangu, mkae karibu, na wewe mkubwa acha kuegemea mlango kama mgeni, maana leo sina sauti ya kufika huko. Najua mmezoea kuniona hivi. Kwenye filamu nimekufa mara kumi na nane, kwa risasi, kwa sumu, mara moja kwa kuanguka ngazini, na kila mara niliinuka nikala chakula cha mchana na wenzangu. Safari hii siinuki.

Nyumba ni yenu wote, msigombane. Neno langu ni juu ya lile darasa la kuigiza kule uani. Mkubwa, unataka liwe karakana yako ya useremala, nami sikulaumu, lina mwanga mzuri. Lakini ujue darasa hilo lilivyoanza. Siku moja naigiza baba mgonjwa kwenye filamu, na binti aliyepewa sentensi moja tu ya muuguzi anatetemeka mpaka vikombe vya dawa vinagongana kwenye trei. Wakati wa mapumziko nikamwambia, usiwaze sentensi yako, sikiliza ninavyopumua, ukisikia nimechoka ndipo useme. Tuliporudi akasema, na kamera ikabaki usoni mwake, mimi nikaonekana sikio tu na nusu ya shuka. Nilinuna siku tatu, marehemu mama yenu alikuwa shahidi. Siku ya nne nikaitazama ile picha, nikacheka peke yangu kwa furaha, nikajua kazi yangu imehamia wapi. Nimefundisha miaka ishirini na miwili na sijajuta hata siku moja. Huyo Muuguzi, jina limemganda mpaka leo, ndiye atakayefundisha baada yangu.

Sasa kinyongo chetu. Mkubwa, siku tuliyomzika mama yenu uliniinamia ukaninong'oneza, "Baba, punguza." Nilikaa miezi saba bila kusema nawe. Wanangu, nililia kweli, Mungu anajua; lakini nilipoona watu wananitazama, nikapandisha sauti. Kidogo tu. Wote waliniamini, wewe peke yako ukasikia pale nilipoongeza. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe.

Kwa hiyo ufunguo nakupa wewe. Randa na misumeno yako iweke upande wa dirishani, darasa libaki upande wa pili, na wanafunzi wakija, kaa kile kiti cha nyuma. Huhitaji kujua kuigiza. Mtu akitia chumvi, mwambie kama ulivyoniambia mimi.

Maji... ahsante. Jumatatu mfungue saa kumi jioni, wako wapya sita. Msiwape habari zangu mpaka wamalize zoezi la kupumua. Mungu awape... awape kusikilizana, mikono yenu isikose kazi, na nyumba hii isikose kicheko. Mkubwa, lete mkono. Unalia? Lia, mwanangu. Hapo... hapo usipunguze.