Bibi Vibaraza na Kivuli cha Barabara ya Hospitali

Ndugu, jamaa, majirani wa mjini na wafanyakazi wenzake wa manispaa, aliyelala mbele yetu ni mke, mama, dada na shangazi, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina moja tu: Bibi Vibaraza. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alibandikwa na wenye maduka wa barabara ya hospitali, na mwanzoni hawakumpa kwa mapenzi. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake anayemfuata, mshonaji, ambaye ndiye anayeusoma. Kikao cha familia kiliupitia mara mbili na mara zote mbili kikaupunguza. Yaliyopunguzwa yamerudishwa yote, maana mtu hazikwi nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya wazazi wetu iliyopo hiyo hiyo barabara ya hospitali. Ilikuwa nyumba ya zamani ya katikati ya mji: kuta nene za mawe na chokaa, vyumba vinne vikizunguka ua, duka la baba kwa mbele, na mbele ya duka kibaraza chenye paa lililobebwa na nguzo. Enzi hizo kila jengo lilitakiwa kuacha kibaraza cha namna hiyo. Chako kikaungana na cha jirani, cha jirani na cha anayefuata, na mtu akashuka stendi ya mabasi akaenda mpaka hospitali kuu bila jua kumpiga utosini wala mvua kumlowesha. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Marehemu alijifunza kutembea kwenye kibaraza cha kwetu, akishika nguzo hii akiachia ile, na mama alikuwa akisema mtoto huyu alifika kwa jirani kabla hajajua kutamka "mama".

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Darasa la tatu mwalimu aliwaambia kila mmoja achore nyumba ya kwao. Wenzake walichora mlango mmoja na madirisha mawili, wakatoka kwenda kucheza. Yeye alibaki ndani akichora mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka karatasi ikaisha. Akapewa sifuri.

"Nimesema nyumba ya kwenu," mwalimu alimwambia, "sijasema mji."

"Mwalimu, ya kwetu imeshikana na hizo nyingine. Nikiichora peke yake itaanguka."

Alichapwa viboko viwili kwa ujeuri, na nyumbani mama akamwongezea cha tatu. Hata hivyo hakujifunza. Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1975, akaendelea na masomo ya juu, na mwaka 1981 alihitimu stashahada ya mipango miji, mwanamke pekee katika darasa lake.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa na manispaa katika ofisi inayokagua michoro ya majengo, na hapo ndipo alipokaa mpaka alipostaafu mwaka 2018. Mji ulikua mbele ya macho yake. Alipoanza kazi, katikati ya mji kulikuwa na nyumba za ghorofa moja, duka chini, wenyewe juu, na roshani ya mbao ya kuanikia nguo. Zikaja ghorofa sita za zege zenye madirisha ya vioo vya kukunja, kila familia na kibalkoni chake. Mwisho yakaja majengo ya vioo vitupu, yanang'aa kama sufuria mpya, ambayo ndani baridi na nje yanawachoma wapita njia. Watu walidhani ana ugomvi na ghorofa. Hakuwa nao. "Jengeni mpaka mguse mawingu," alikuwa akiwaambia, "lakini huku chini niachieni njia ya kupita." Kilichomkera ni kwamba kila mwenye jengo alijiona yuko peke yake duniani. Huyu anaziba kibaraza apanue duka, yule anaweka ngazi za marumaru, mwingine vyungu vya maua na minyororo, halafu mgonjwa aliyeshuka basi anatakiwa apae.

Barua za onyo aliziandika, zikafungiwa maandazi. Basi akabuni njia yake. Alikuwa akimwalika mwenye jengo watembee wawili, saa saba mchana, kutoka stendi hadi lango la hospitali, wakipita mlemle wanamopita wagonjwa. Wakifika, yeye anamnunulia soda. Mwenye jengo moja refu la vioo alikuja na suti na viatu vya ngozi, akicheka na simu mkononi. Walipofika mbele ya jengo lake mwenyewe, mwanga wa vile vioo ukampata usoni barabara, akaanza kutafuta pa kujibanza na hakuna.

"Mama, basi, nimeelewa," alisema huku anavua koti. "Hiyo soda nipe hapa hapa."

"Soda ni hospitali. Twende."

Mwaka uliofuata jengo lile lilipata kibaraza chenye paa, na ndicho kipana kuliko vyote mjini. Mmoja mmoja, kwa miaka, aliwapata hivyo hivyo. Wengine walibomoa kuta, wengine wakaondoa vyungu, na mwenye duka la dawa aliongeza na benchi.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na mpima ardhi wa manispaa, ambaye alimpenda siku alipomwona akibishana na mkandarasi hadi mkandarasi akaketi chini. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Ndoa yao ilikuwa na utani mwingi na ugomvi mmoja. Shemeji yetu alitaka nyumba ya pembezoni mwa mji, yenye ukuta na geti, kama wenzake. Akanunua geti kabisa, la chuma, lenye simba wawili. Marehemu akasema yeye hahami mjini kwenda kujifungia. Geti likaegemezwa ukutani sebuleni, kwenye nyumba yao ya kupanga juu ya duka la viatu, na likakaa humo miaka mingi wakianikia taulo na soksi za watoto. Wageni wakiuliza, shemeji alijibu, "Hiyo ndiyo nyumba yangu, imebaki kujengewa kuta tu." Hawakuhama, na shemeji amekiri mbele ya kikao kwamba hakujuta.

Sasa tufike pale ambapo familia haikutaka tufike.

Mwaka 1994 baba alimkabidhi kaka yetu mkubwa lile duka la nyumbani, naye akalifanya duka la magodoro. Mwaka 1997 kaka alijenga ukuta kati ya nguzo za kibaraza, kulia, kushoto na mbele, akajaza magodoro hadi darini. Alisema ni kwa muda. Tangu siku hiyo, mtu anayetoka stendi akifika kwetu anashuka barabarani, kwenye malori na pikipiki, anazunguka duka la kaka, ndipo anapanda tena kibaraza cha jirani. Kila mwenye jengo ambaye marehemu alimwendea alikuwa na jibu moja mdomoni: "Anza kwanza na kwenu." Dada yetu alimeza maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hebu fikirieni, mtu anabembeleza mji mzima, na anayemwangusha ni wa tumbo moja naye!

Alikuwa na uwezo wa kisheria wa kuubomoa ule ukuta kwa karatasi moja. Baba, akiwa hai, aliwaita wote wawili akasema ya ofisini yaishie ofisini, asije akasikia mtoto wake kampeleka mwenzake mahakamani. Dada akatii. Akabaki na maneno matupu, na kaka alikuwa hodari wa kuyapiga chenga.

"Kwenye ofisi yenu wewe ni bosi," alimwambia. "Ukivuka kizingiti hiki, ni mdogo wangu."

Mwanzo alisema atautoa akipata stoo. Alipopata stoo, atautoa mvua zikiisha. Mvua zilipoisha, binti yake alikuwa anaolewa. Mwaka 2009 mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aligongwa na pikipiki pale pale aliposhuka, akavunjika mguu. Dada alikwenda dukani jioni ile ile akamweleza yote. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aliyemgonga ni pikipiki. Ukuta haujamgonga mtu." Dada alitoka bila kuaga. Alipostaafu, vibaraza vilikuwa vimefunguka barabara nzima, kimebaki kibaraza kimoja tu, kile alichojifunzia kutembea.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda hospitali kuu kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Watoto walitaka kumpeleka kwa gari mpaka mlangoni. Akakataa katakata. Alianzia stendi kama wagonjwa wengine, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, na wakatembea polepole kivulini, wenye maduka wakimsalimia na kumsogezea viti. Hapa lazima tuseme na haki ya kaka. Akiona dada yake anakuja, aliwaacha wateja wanabonyeza magodoro, akatoka mwenyewe na mwavuli mkubwa, akashuka naye barabarani, akamfunika, akazuia pikipiki kwa mkono, akamvusha hadi kibaraza cha jirani. Hakukosa hata mara moja, jua kali au mvua ya mawe. Halafu alirudi ndani, nyuma ya ukuta wake. Sisi tuliokuwa tukiangalia tulishindwa kujua tumkumbatie au tumpige.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alikuwa amelazwa, amedhoofu sana, na kaka ameketi pembeni ya kitanda. Mdogo wao alikuwepo, akikunja shuka.

"Kaka, nimechoka na mwavuli wako," marehemu alisema.

"Mwavuli umekosa nini tena?"

"Unanifunika mimi. Wanaonifuata nyuma je?"

Kaka aligeukia dirishani. "Pona kwanza," alisema. "Ukipona tu nauvunja, nakuapia."

"Na nisipopona?"

"Usiongee hivyo."

Hakupona. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Kwa hiyo kama ni masharti, kaka hadaiwi kitu. Inauma, na hatutaficha kwamba inauma. Mtu amefanya kazi moja maisha yake yote, ameimaliza kasoro hatua chache, na hatua hizo ziko mlangoni kwa mama yake.

Kaka ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mara ya kwanza wasifu huu uliposomwa alisema msibani watu hawavuani nguo, aya ya ukuta ikatolewa. Mara ya pili wajomba waliomba ilainishwe, ikalainishwa mpaka ukuta ukawa "changamoto ndogo". Mdogo mtu akachoka. Juzi mchana alikwenda dukani peke yake na maneno yote kama yalivyoandikwa mwanzo, akayaweka juu ya godoro mbele ya kaka, akamwambia, "Haya ndiyo nitakayosoma. Ukitaka nifukuze makaburini."

Kaka alivaa miwani. Alisoma yote, taratibu, mteja mmoja akisubiri bei na asijibiwe. Kisha akaomba kalamu. Mdogo mtu akajua kwisha kazi, anaifuta. Kaka alisahihisha tarakimu moja. Tulikuwa tumeandika kwamba ukuta ulijengwa mwaka 1998.

"Ni tisini na saba," alisema. "Mwezi wa kumi. Nakumbuka kwa sababu siku ile alipita hapa hakunisalimia."

Akarudisha karatasi. Kisha akamgeukia mteja, akamtajia bei ya godoro.

Marehemu ameacha mume, mpima ardhi mstaafu, binti ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, mdogo wake, mshonaji, na kaka yake mkubwa, mwenye duka. Ukuta nao upo.

Mungu amlaze kwa amani, mahali penye kivuli kisichokatika. Nanyi mtakaorudi mjini kwa miguu, mkipita barabara ya hospitali mtakwenda vizuri tu hadi kwenye duka la magodoro. Hapo mtashuka barabarani. Tafadhali, angalieni magari.